Misipre Kati Yetu na Shefu Mwepu

Noeli iliyopita mjukuu wangu aliingia ndani akiburuta tawi la msipre alilolikata sijui wapi. Akalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga karibu na televisheni, akaanza kulizungushia karatasi za kung'aa. Harufu yake ikajaa chumba kizima. Wanangu wakavuta pumzi, wakasema sasa sikukuu imefika. Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Kwa wengine harufu ile ni Noeli. Kwangu ni harufu ya jirani yetu wa mtaa wa Katuba, Shefu Mwepu, na ya chuki ambayo Mama aliipanda, akaimwagilia, akaitunza mpaka ikawa nzuri kuitazama.

Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa miaka ile. Tuliitana sitwayen na sitwayene, yaani raia, Chama kilikuwa kimoja, bendera ilikuwa ya kijani, na kila Jumamosi tulitoka sote na mafagio na majembe kufanya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha barabara na mifereji. Moshi wa bomba la kiwanda cha shaba ulipogeukia upande wetu, tulikohoa na kuanua nguo. Upepo ukigeuka, tulizianika tena. Hatukuona kama hayo ni maisha magumu. Tulichokiona kigumu ni kupata unga.

Baba aliendesha kreni kwenye tanuri za kampuni. Aliketi juu kabisa, ndani ya kibanda cha chuma, na mtu wa chini alimwongoza kwa filimbi: shusha, pandisha, simama. Alizizoea filimbi kiasi kwamba hata nyumbani Mama hakumwita kwa jina. Chakula kikiwa tayari alipiga mbinja fupi mbili, na Baba, hata kama yuko barabarani anaongea na wenzake, alikata maneno akaja. Sisi watoto tulicheka kila mara.

Lupango yetu, ndivyo tulivyokiita kiwanja na nyumba yake, ilipakana na ile ya Mwepu. Katikati palikuwa na safu ya mawe tu, na hata mawe hayo kuku waliyaruka bila kufikiri. Mwepu alikuwa rafiki wa Baba. Walisikiliza mpira kwenye redio moja, walikula kwenye sahani moja. Kisha Chama kikamfanya mkuu wa barabara zetu, na kila mtu akaanza kumwita Shefu. Alijenga baraza ya simenti mbele ya nyumba yake, akaiinua juu ya ardhi, akaweka kiti cha mbao chenye mikono. Akiketi pale aliona jiko letu la nje, kamba yetu ya nguo, na mlango wa choo chetu. Mwanzoni tulimpungia mkono.

Mwaka ule unga uliadimika mjini. Watu walipanga foleni tangu alfajiri na kurudi na mifuko mitupu. Mdogo wake Baba aliishi Mokambo, mpakani, na kule unga wa Zambia ulipatikana kwa mwenye baiskeli na moyo. Baba mdogo alituletea magunia ya unga mweupe, laini, yaliyoandikwa kwa herufi za buluu. Yalikuwa magendo, hata mimi nilijua. Tuliyasukuma chini ya kitanda cha wazazi. Siku ile Shefu Mwepu alikula bukari, ugali wetu, pamoja nasi, akalamba vidole, akamwambia Mama hajala bukari nyeupe namna ile tangu zamani. Mama akamfungia kidogo kwenye kitambaa ampelekee mkewe.

Siku ya pili asubuhi, nikiwa nafunga viatu vya kwenda shule, gari la askari lilisimama mlangoni. Hawakupekua. Hawakufungua sanduku wala kugeuza meza. Walikwenda moja kwa moja chumbani kwa wazazi, wakainama, wakavuta magunia. Baba mdogo alikuwa ametoka kununua sigara. Aliliona gari kutoka kona, akapanda baiskeli yake akarudi alikotoka, na hakukanyaga tena mjini kwetu. Wakamchukua Baba.

Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, akavuka safu ya mawe. Shefu alikuwa kwenye kiti chake, anakula karanga.

"Shefu, weye ulikula ku meza yetu," Mama alisema.

"Mama Kapinga," alimjibu, maana Kapinga ndiye mimi, mtoto wa kwanza, "miye sina mubaya na bwana yako. Kazi yangu iko kuona. Nikiona, nasema. Ni ile tu."

Mama alisimama pale chini ya baraza, kichwa chake kikifika kwenye magoti ya yule mtu. "Kuona," alirudia taratibu. "Muzuri, Shefu. Nimesikia."

Tukarudi kwetu. Baada ya siku chache harufu ya bukari ilianza kuja kutoka jikoni kwa Shefu, mchana na jioni, harufu ile ile tamu ya unga wa Mokambo. Sisi tulikuwa tunakula mihogo ya kuchemsha. Kisha mke wa Shefu akaanika magunia kwenye kamba yake baada ya kuyafua, na upepo ulipoyageuza nilizisoma zile herufi za buluu. Bombani, tulipokwenda kuchota maji, mama yule aliangalia ndoo yake tu. Hakuinua macho.

Baba alirudi kwa miguu, jua likiwa linazama, mashati mawili mwilini ingawa hakukuwa na baridi. Hakusema walimfanyia nini na hatukumuuliza. Aliketi kwenye kigoda, akaomba maji. Mama akaingia kupika kile kidogo tulichokuwa nacho, na kilipoiva akapiga mbinja zake mbili. Baba hakusogea. Akapiga tena. Nilidhani Baba amekasirika, nilidhani anamnunia Mama kwa sababu ya unga. Nikamwendea, nikamgusa begani. Ndipo alipogeuza kichwa kizima, kama kuku anayetafuta punje, akaniuliza, "Ulisema nini?" Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Kampunini walimjaribu kwa filimbi, wakamshusha kwenye kreni, wakampa fagio.

Tangu hapo Mama alibadilika, na mimi nilimwelewa vibaya kabisa. Kila asubuhi alimsalimia Shefu Mwepu kwa sauti ya asali. "Shefu, umelala muzuri? Mama iko muzuri?" Nilimchukia kwa salamu zile. Nilifikiri amesahau. Nilifikiri anamwogopa, au, mbaya zaidi, anampenda.

Jioni moja aliketi na Baba nyuma ya nyumba, upande wa sikio lake zima, akasema, "Nataka kufunga huu upande wote. Toka barabara mpaka ku choo."

"Matofali hatuna," Baba alisema.

"Matofali yeye atauliza tunaficha nini. Nataka muti."

Baba akataja bugenvilia. Mama akakataa. Ile ina maua mazuri, alisema, na Shefu atayafurahia akiwa kwenye kiti chake. Baba akataja manyara, ambayo ukichomeka tu ardhini inashika. Mama akafikiri, kisha akakataa tena, kwa sababu maziwa yake yangeharibu macho yetu sisi watoto, na matawi yake ni membamba, mtu akichungulia anaona.

"Nataka kintu ya kubakia kijani mwaka muzima," alisema. "Kiangazi ikikuya, isiangushe hata jani moja. Nataka yeye aangalie huku mwezi ya saba, aangalie mwezi ya kumi, aone ileile."

Kwa hiyo akachagua misipre. Alikuwa ameiona kwenye nyumba za wahandisi, imekatwa mraba kama sabuni, na alijua mbegu zake zinapatikana wapi. Jumapili baada ya misa alinichukua mpaka kwenye makaburi ya zamani ya Wazungu, tukaokota vitunda vyake vidogo vigumu vilivyoanguka chini ya miti. Tukavileta nyumbani ndani ya kanga, akavianika juani mpaka vikapasuka na kutoa mbegu nyembamba za kahawia.

Rafiki yangu wa darasani alikuwa ameniambia kwamba miti ya makaburini haikauki kwa sababu inakula maiti. Niliamini. Na nilipomwona Mama akizipanda mbegu zile ndani ya mikebe ya maziwa ya unga, kwa uangalifu ule, nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Salamu za asali, tabasamu, subira yake. Mama alikuwa anamzungushia Shefu Mwepu makaburi. Miti ikikua kufikia kimo chake, ingemla. Moyo wangu ulijaa furaha ambayo sijaipata tena katika maisha yangu. Nilimsamehe Mama hapo hapo.

Nikawa mtumwa wa miti ile. Mbegu nyingi hazikuota, na kati ya zilizoota mchwa walikula nyingine, tukaokota upya na kupanda upya. Mama alichanganya majivu kwenye udongo. Baridi ya mwezi wa saba ilipokuja, ile baridi ya kwetu inayoacha umande mweupe kwenye majani, tulifunika mikebe kwa nyasi kila jioni. Moshi wa kampuni ukishuka, mimi mwenyewe nilifuta masizi kwenye vichipukizi kwa kitambaa kibichi, kimoja kimoja, na nilikuwa navinong'oneza: kua, kua. Mvua za kwanza zilipoanguka tukaihamishia miche ardhini, kwenye mtaro ambao Baba aliuchimba kwa hatua chache kutoka kwenye safu ya mawe, ndani kabisa ya lupango yetu ili asipatikane mtu wa kulalamika.

Shefu alitutazama kutoka juu, anacheka. "Mama Kapinga, unalima mboga?"

"Ndiyo, Shefu," Mama alisema bila kuinua kichwa. "Mboga."

Miti ilinifikia kiuno. Kisha ikanifikia kidevu. Nilikuwa napimana nayo kila Jumapili, na nilikasirika nilipoona na mimi nakua, kana kwamba naichelewesha. Wakati ule Shefu akapatwa na malaria kali. Hakutoka nje, mkewe alikuwa akiingia na kutoka na mabeseni, na watu wa Chama wakaja kumwona wakiwa na nyuso ndefu. Nilikwenda kwa Mama aliyekuwa anapalilia, nikachuchumaa pembeni yake.

"Mama, atakufa leo?"

"Nani?"

"Shefu. Miti imeanza kumukula."

Mama aliacha jembe. Ilibidi nimweleze yote, makaburi na maiti na kimo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, na ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya magunia. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye udongo.

"Kufa iko mbio sana, mwana yangu," alisema. "Miye namuombea apone. Nataka aishi mingi. Nataka aikale pale ku kiti yake, mwaka na mwaka, aangalie huku, na aone majani tu."

Akapona. Na mimi nikajifunza kwamba kuna jambo kubwa kuliko kifo, nikalikubali haraka kama mtoto anavyokubali mchezo mpya.

Siku Shefu alipoelewa naikumbuka vizuri. Alikuwa ameketi, na nikamwona anainua shingo. Kisha akasimama. Wiki kadhaa baadaye ilimbidi asimame kwenye ukingo wa baraza ili aone paa la jiko letu. Mwishowe akapanda juu ya kasha la bia, na mke wa fundi viatu aliyepita barabarani akamwona pale juu, mkuu mzima wa barabara zetu, ameshika nguzo kama mwizi wa maembe. Habari ilifika sokoni kabla ya jua kuzama. Kesho yake akaja mlangoni kwetu na kijana mmoja wa Chama.

"Mama Kapinga, ile miti ikatwe. Ibakie ku magoti."

"Juu ya nini, Shefu?"

"Chama haipendi bantu ya kujificha. Muntu muzuri iko wazi. Nakupa mpaka salongo ya Jumamosi."

"Nimesikia, Shefu," Mama alisema, na nikauona tena uso ule wa siku ya baraza.

Jumamosi ile Komisere mwenyewe, mkubwa wa Chama na serikali katika mji wetu, alikuja kukagua salongo, mtu mnene aliyevaa abakosti ya kijivu, ile suti ya Chama isiyo na tai, na watu wote wa mtaa tukakusanywa kwenye uwanja wa mbele ya shule. Kulikuwa na hotuba na makofi. Komisere akauliza kama kuna mwenye neno. Hapakuwahi kuwa na mwenye neno. Mama akanyanyuka, fagio mkononi.

"Sitwayen Komisere," alisema, "miye ni mwanamuke tu, sikusoma mingi. Lakini niliona bendera yetu iko kijani. Nikasema, kiangazi ikikuya Katuba yote inakuwa ya njano, vumbi tu. Nikatafuta muti ya kubakia kijani mwaka muzima, sawa Chama. Nikapanda. Sasa imekua. Shefu yetu anasema tuikate. Miye niko tayari kukata. Nauliza tu, tukate mpaka wapi?"

Nilimwona Baba ameshika mpini wa koleo kwa nguvu, amegeuza sikio lake zima kuelekea kwa Mama. Komisere akamtafuta Shefu Mwepu kwa macho.

"Sitwayen Mwepu, iko kweli?"

"Sitwayen Komisere, mimi nilisema... ile miti inaziba..."

"Inaziba nini?"

Jibu la kweli halikuwa la kusemwa mbele ya watu. Angesema inaziba choo cha jirani? Komisere akasema twende tukaone, na watu wote wakafuata, mtaa mzima nyuma ya mtu mmoja mnene, mpaka kwetu. Akaipapasa misipre kwa kiganja, akavunja kijani kidogo akakinusa. Alipendezwa kweli, nadhani. Kila kitu kingine alichokagua siku ile kilikuwa mifereji.

"Hii isikatwe," alisema. "Itengenezwe. Sitwayen Mwepu, weye ni kiongozi wa hapa. Upande yako weye mwenyewe utamwanga mayi, weye mwenyewe utapunguza matawi. Siku nikirudia, nataka kuikuta sawa ukuta."

Mama ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. Watu wakapokea. Na Shefu Mwepu, kwa kuwa Komisere alikuwa anamtazama, akapiga makofi pia.

Kiangazi kile kilikuwa kitamu kuliko sikukuu zote za utoto wangu. Kila jioni Mama alitoa kigoda chake na ungo wa maharage, akaketi karibu na misipre, na akamweka Baba pale pale, sikio zima likielekea kwenye majani. Upande wa pili tulisikia ndoo ikiwekwa chini, pumzi za mtu mzito, maji yakimwagika. Hakuna aliyemsaidia. Vijana wa Chama walisema Komisere alitaja jina lake, si majina yao. Mkewe alikaa ndani. Tulimsikia akitoka bombani na kurudi, akitoka na kurudi, na wakati wa kupunguza matawi tulisikia mkasi mkubwa ukilia kach, kach, na vumbi la majani likimfanya apige chafya.

"Shefu," Mama aliita kwa upole, "ile ya ku kona naona inataka kukauka."

Mkasi ukasimama. "Nimeona, Mama."

"Merci, Shefu."

Mabega ya Baba yalitikisika kwa kicheko. Ukiupunguza msipre kila msimu unazidi kufungamana, tawi linaingia katika tawi, na kwa sababu Shefu aliogopa siku ya Komisere, upande wake ulikatwa vizuri kuliko wetu. Komisere hakurudi kamwe. Akahamishwa, akaja mwingine, lakini Shefu hakuthubutu kuacha.

Komisere yule mpya alikuwa na watu wake wa kuwapa vyeo. Ikasemwa kwamba vitu vilivyokamatwa kwenye barabara zetu, unga, mafuta, vitambaa, vilikuwa vinaishia nyumbani kwa mtu mmoja bila wakubwa kuonja. Sijui nani alisema. Wengi walikuwa na sababu ya kusema, na siku hizo kila mtu alikuwa amejifunza kwa Shefu mwenyewe kwamba kuona na kusema ni kazi.

Walimjia Jumapili baada ya misa. Tulikuwa uani tunakula. Tulisikia gari, kisha milango ikigongwa upande wa mbele kwake, kisha miguu ikikimbia nyuma ya nyumba yake kuja upande wetu. Kitu kizito kikajitupa kwenye misipre. Majani yakatikisika toka juu mpaka chini, lakini hayakufunguka. Akajaribu mahali pengine. Halafu, usawa wa kifua changu, mkono ukapenya kati ya matawi mpaka kiwiko, ukiwa na saa yake ya chuma na mikwaruzo ya damu.

"Mama Kapinga. Ni miye. Vuta."

Baba aliacha kutafuna. "Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye," Mama alisema.

Baba akaitikia kwa kichwa, akachovya tonge lake kwenye mboga, akaendelea kula.

"Vuta, tafazali. Banakuya."

Mama alikuwa ameinuka. Alikwenda mpaka kwenye ule mkono, karibu sana kiasi kwamba vidole viligusa kitenge chake, vikakishika. Akakitoa kitenge taratibu kwenye vidole vile, kimoja baada ya kingine, kama anavyokitoa kwenye miiba.

"Shefu," alisema, "hapa hakuna mulango."

"Sukuma tu matawi."

"Haisukumike. Ulikata muzuri sana."

Mkono ukabaki pale kidogo, umefunguka. Kisha zikaja sauti nyingine upande wa pili, na mkono ukarudishwa ndani ya majani kwa nguvu, sio kwa hiari ya mwenyewe. Tulisikia yote. Hatukuona chochote. Ningependa kusema nilitetemeka, maana nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa kinachotendeka. Lakini nilimega tonge na kula, na chakula kile nakikumbuka kuwa kitamu. Nimemwambia padri jambo hili zaidi ya mara moja. Ananiuliza kama najuta, na kila mara namwambia nitamjibu akirudi kuniuliza.

Alirudi mvua zilipokwisha, amekonda, viatu bila kamba. Nyumba walikuwa wamempa mkuu mpya. Ikajulikana kwamba yeye na mkewe wanahamia Lukafu, kwa ndugu za mke, wakalime. Siku ya kuondoka lori lilisimama barabarani, Mwepu ameketi juu ya magodoro akitazama mbele. Mkewe akashuka, akaja mlangoni kwetu. Mama alikuwa anafagia. Hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza. Aliegemea fagio.

"Ile siku ulimusikia," mama yule alisema.

"Nilimusikia."

"Angepita, bangemukosa."

"Nilijua."

Mke wa Mwepu akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa bei aliyokwisha kuitarajia. Kwa mara ya kwanza tangu magunia yale yaanikwe, alimwangalia Mama machoni.

"Ile bunga yenu, miye ndiye nilipika. Nilijua iko yenu. Nilikula."

"Najua. Harufu ilikuwa inapita huku."

"Sikuye kuomba musamaha, Mama Kapinga. Nilikuya kuomba mbegu." Akaonyesha kwa kidevu, misipre iliyosimama kijani katikati ya majani makavu ya mtaa mzima. "Kule Lukafu habari zilisha kufika. Tutaikala kati ya bantu, na bantu batakuwa banatuangalia. Nataka kupanda ku mulango."

Vitunda vilikuwa vimejaa chini, kuku walikuwa wanavipiga teke. Ningeweza kujaza kanga yake kwa dakika moja, na nilikwisha kuinama kuokota, maana nilidhani Mama atakubali. Mke yule hakuwa amempiga mtu. Alikuwa amechoka, na alikuwa amesema kweli.

"Acha, Kapinga," Mama alisema. Kisha akamgeukia. "Hapana, Mama. Bwana yako alisema muntu muzuri iko wazi. Kule Lukafu baache babaone."

Mama yule akakaza kitenge chake kiunoni, akarudi kwenye lori.

Nimejaribu mara nyingi kumlaumu Mama kwa jibu lile. Nimekuwa mke wa mtu, nimekula nisivyovijua vimetoka wapi, nimeogopa macho ya majirani. Kila nikianza kumlaumu, namwona Baba ameshika fagio la kampuni, anageuza kichwa kizima kumtafuta anayemwita.

Baba alikuwa amekaa mlangoni ananyoa ndevu, kioo kimeegemezwa kwenye ndoo. Aliuliza, "Alitaka nini?"

"Mbegu," Mama alisema.

"Ukamupa?"

"Hapana."

Baba akafuta povu shavuni. "Muzuri," alisema.

Nje lori likapiga honi, likaanza kuondoka, na kati yetu watatu hakuna aliyegeuka kulitazama.